Barua ya wazi kwa wanaosimamia michezo ya shule za msingi Tanga: shusheni wavu, watoto wacheze

KWA: Viongozi mnaosimamia elimu ya msingi na michezo ya shule hapa kwetu Tanga

NAKALA: Walimu wakuu, kamati za shule, wazazi na walezi

YAH: MPIRA WA WAVU KWA WATOTO WA SHULE ZA MSINGI

Waheshimiwa viongozi,

Salamu nyingi kwenu, na poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeshika chaki miaka 31, na zaidi ya 20 kati ya hiyo nimefundisha mpira wa wavu katika shule za msingi, nyingine za mjini na nyingine za huko kwenye mashamba ya mkonge. Tangu nistaafu najitolea siku tatu kwa wiki katika shule mbili. Naandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeibisha yote. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nikaambiwa faili liko kwa mkubwa. Ya tatu haikupata hata muhuri. Mara nne nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi, na mara zote nne mhusika alikuwa kikaoni mpaka jua likapinda. Sina ugomvi na mtu. Sitataja shule, ofisi wala jina la yeyote, maana nataka jambo litengenee, sitaki mtu aumbuke.

Malalamiko yangu ni mengi lakini shina lake ni moja. Watoto wetu hawafundishwi mpira wa wavu. Wanakusanywa tu mashindano yakikaribia, wanavalishwa jezi, wanapakiwa kwenye gari, wakirudi wamefungwa tunawauliza kwa nini hawajui. Nitaeleza hoja kwa hoja.

1. Maandalizi ya wiki mbili, tena ndani ya masika

UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, ngazi ya taifa huchezwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo mchujo wa kata, wilaya na mkoa unaangukia miezi ya Aprili na Mei, na kila mtu wa Tanga anajua Aprili na Mei huku kwetu ni nini. Mvua hainyeshi, inamwagwa. Viwanja vinageuka madimbwi. Ndipo inapokuja barua: leteni wachezaji, kambi inaanza Jumatatu. Mwaka jana kambi niliyoisaidia ilipangiwa siku 14. Siku tulizokanyaga uwanja zilikuwa 5. Zilizobaki tulikaa darasani tukitazama maji yakipita chini ya dirisha, nami nikichora mistari ya uwanja ubaoni na kuwaelekeza watoto kwa chaki mchezo unaotaka mikono.

Mtoto hajifunzi kupokea mpira kwa wiki mbili hata kungekuwa na jua. Ile hali ya mkono kujua wenyewe mpira unakuja kwa kasi gani inajengwa kwa miezi, kidogo kidogo, na umri mzuri wa kuianza ni miaka 9 au 10. Sisi tunaanza na darasa la sita na la saba, na mashindano yakipita hakuna anayewauliza tena mpaka masika mengine. Kufikia hapo wa darasa la saba ameshaondoka, tunaanza upya.

2. Wavu wa watu wazima

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapowapoteza wengi.

Wavu wa wanaume watu wazima una urefu wa mita 2.43 kutoka chini, wa wanawake mita 2.24. Katika shule nyingi nilizopita, nguzo zikiwepo, zina ndoano moja tu, ya juu. Kuna binti wa darasa la tano ninayemfundisha. Nimempima kwa futi kamba ya fundi seremala: sentimita 138. Akinyoosha mkono, ncha za vidole zinafika kama mita 1.75. Akiruka kwa nguvu zake zote anasogelea mita 2. Maana yake ni kwamba, kwenye wavu wa wanawake, mtoto huyu hawezi kuugusa hata utepe wa juu. Nilimwona siku ya kwanza akiruka, vidole vikinasa kwenye matundu, anatua, anageuka kunitazama kama aliyefanya kosa. Alipoanzisha mpira ukashindwa kuvuka. Mara ya pili haukuvuka. Mara ya tano akaniambia, "Mwalimu, mimi mikono yangu mibovu."

Mikono yake haina ubovu wowote. Mchezo huu ulipobuniwa na William Morgan kule Marekani mwaka 1895, wavu wake ulikuwa futi 6 na inchi 6, yaani kama mita 1.98, na waliocheza walikuwa wanaume wazima. Leo mtoto wa miaka 11 wa Tanga tunamtaka avushe mpira juu ya wavu uliozidi ule kwa zaidi ya shubiri.

Kesho yake nikaenda na kamba ya katani. Badala ya kuifunga katikati ya uwanja kama kawaida, niliifunga kwa urefu, kutoka mwisho mpaka mwisho, kimo cha mita 1.90. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9. Kamba ikipita kwa urefu, unaugawa kwa majivu vipande vinne, kila kimoja mita 4.5 kwa 9, watoto watatu huku na watatu kule. Papo hapo una watoto 24 wanaocheza kwa wakati mmoja mahali walipokuwa wakicheza 12 na wengine wakitazama. Anayeanza anaruhusiwa kudaka na kurusha. Akishazoea, anapokea kwa mikono ya chini na mwenzake anadaka. Baadaye mpira unaruhusiwa kudunda mara moja. Mwisho wanacheza kama wakubwa. Hili silibuni mimi. Duniani kote wanaofundisha watoto wadogo mchezo huu wanaanza na uwanja mdogo, wavu wa chini na wachezaji wachache.

Siku moja nilikaa na kalamu. Katika nusu saa ya sita kwa sita, mtoto aliyesimama kona ya nyuma aligusa mpira mara 4. Siku iliyofuata, mtoto yuleyule, nusu saa ileile, watatu kwa watatu, niliacha kuhesabu baada ya 50. Na yule binti wa sentimita 138 alivusha mpira wake wa kwanza kwa ngumi ya chini, akabaki amesimama na mkono juu, hajui arukeruke au alie.

Wiki iliyofuata alipita mkubwa mmoja wa michezo. Akatazama kamba, akasema huo si mpira wa wavu, kanuni ni mita 2.24, nisiwadumaze watoto. Kamba ikafunguliwa mbele yao.

3. Kufundishia kwa mpira wa miguu

Mpira wa wavu una gramu 260 hadi 280. Mpira wa miguu wa wakubwa una gramu 410 hadi 450, na ngozi yake ni ngumu. Shule nyingi zinafundishia huo wa miguu kwa sababu ndio uliopo. Mtoto akiupokea kwa mikono ya chini mara kumi, mikono inavimba na kuwa myekundu. Mara ya kumi na moja anafumba macho na kurudi nyuma, na hofu hiyo inabaki naye hata akipewa mpira sahihi. Ipo mipira ya watoto ya kiasi cha gramu 200 tu. Hatujawahi kuiona.

Lakini mipira ya kawaida ipo, na hili linaniuma zaidi. Katika shule moja nilionyeshwa mipira mitatu mipya ya wavu ndani ya kabati la chuma, bado iko kwenye nailoni, imesinyaa kwa kukosa upepo. Nikaambiwa inatunzwa kwa ajili ya ukaguzi.

4. Kipindi kilichopo ukutani tu

Ratiba imebandikwa, na Sanaa na Michezo ni somo halali katika mtaala mpya. Kikifika kipindi, anaingia mwalimu wa Hisabati. Ikisemwa watoto wacheze baada ya masomo, tukumbuke tuko Tanga: alasiri watoto wengi wako chuoni, kwenye madrasa, na hakuna mzazi wa Ngamiani atakayekubali mwanawe akose chuo kwa ajili ya wavu, wala simlaumu. Wengine wana maji ya kuchota na wadogo wa kulea. Muda wa mtoto kucheza ni ule wa shule. Ukimnyang'anya huo, hana mwingine.

5. Fimbo

Nimeona kwa macho yangu mtoto akichapwa kwa kukosea kuanzisha mpira. Viboko viwili vya mkononi, kisha akarudishwa uwanjani akapokee kwa mikono hiyohiyo. Aliyechapa si mtu mbaya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na yeye. Lakini mchezo huu unataka mtoto athubutu. Mpira haudakwi, haushikwi, una nafasi tatu tu za kuugusa upande wenu kabla haujavuka, na kukosea ni sehemu ya kila mpira. Mtoto anayeogopa fimbo anafanya jambo moja tu: anaukwepa mpira na kumwachia mwenzake. Nikiona timu ambayo mpira unaanguka katikati ya watoto wawili wanaotazamana, huwa najua wanafundishwaje bila kuuliza.

6. Mabinti

Wavu ni mchezo ambao wapinzani hawagusani. Kati yao kuna wavu. Kwa mila zetu za pwani, sijui mchezo wa timu unaomfaa binti kuliko huu, na watoto wadogo wa kiume na wa kike wanaweza kufanya mazoezi pamoja bila mzazi yeyote kukunja uso. Hata hivyo, katika mchujo mmoja mabinti wanne waliondolewa kwa sababu walikuja na suruali ndefu na hijabu, wakaambiwa sare ni kaptura. Wanne wote walikuwa wazuri. Wawili hawakurudi tena mazoezini. Baba wa mmoja alinifuata akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani mpira unapigwa kwa magoti?" Sikuwa na la kumjibu.

7. Viwanja vinavyoliwa

Shule moja ilikuwa na uwanja mzuri wa wavu kandokando ya barabara. Leo pana vibanda vya biashara, vocha, chipsi na kinyozi. Nilipouliza nikaambiwa ni mradi wa shule wa kujiongezea kipato. Kipato hicho hakijanunua hata mpira mmoja. Eneo la kucheza wavu pamoja na nafasi ya pembeni ni kama mita 24 kwa 15. Ndani ya uwanja mmoja mkubwa wa mpira wa miguu vinaingia karibu viwanja 20 vya namna hiyo. Mchezo unaodai nafasi ndogo hivi haukupaswa kukosa pa kuchezwa.

8. Mamluki

Hili nalisema kwa kifupi kwa kuwa kila mtu analijua. Kijana aliyekwishaanza sekondari anavalishwa sare ya msingi ili timu ishinde. Mtoto halali aliyefanya mazoezi mwaka mzima anabebeshwa chupa za maji. Naye anajifunza somo, lakini silo tulilokusudia.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua, nimeshayasikia kwenye lile benchi.

Mtasema fedha hakuna. Najua ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na najua kazi inazopangiwa. Ndiyo maana siombi ukumbi wala sakafu ya mbao. Nguzo zangu ni mirunda miwili iliyosimikwa kwenye matairi mabovu yaliyojazwa zege, unaivingirisha ukimaliza. Wavu wangu ni jarife kuukuu nililopewa na mvuvi pale Deep Sea. Nililikata upana wa mita moja, nikalishonea utepe wa turubai jeupe juu. Mistari ni majivu. Tuko kwenye mji wa nyavu na wa katani, tutakosaje wavu? Kinachohitaji fedha kweli ni mipira, na ya kuanzia ninyi wenyewe mmeifungia kabatini.

Mtasema walimu wa michezo hawatoshi. Ni kweli, na sababu yake mojawapo ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa muda. Waliokuwa watoto wakati ule ndio walimu wa leo, wengi hawakuwahi kuugusa huo wavu. Lakini Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya kipo, na wastaafu kama mimi tupo hapahapa mjini. Kumfundisha mwalimu wa kawaida namna ya kuendesha watatu kwa watatu kunatosha siku moja ya Jumamosi. Nimeshafanya na walimu sita, wote hawakuwa wa michezo. Mmoja ni wa Kiswahili, na sasa ananishinda.

Mtasema mitihani. Darasa la saba wanafanya mtihani wao Septemba, hilo lisiguswe. Ninaowataka ni wa darasa la tatu mpaka la tano, ambao hawana mtihani huo.

Mtasema michango imezuiwa. Iliyozuiwa ni ile isiyo na kibali. Wazazi wa shule moja waliomba kibali cha kununua mipira minne kwa hiari yao, ombi lao lina miezi tisa.

Na mtasema si kazi ya ofisi hii: shule ziko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, mtaala uko Wizara ya Elimu, michezo ina wizara yake na Baraza la Michezo la Taifa lipo tangu sheria ya 1967. Yote kweli. Mtoto naye amesimama pale uwanjani, hajui barua yake iko ofisi ipi.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa maandishi ili nijibiwe kwa maandishi.

Toeni waraka mfupi, hata wa ukurasa mmoja, unaoruhusu wavu wa chini kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano: mita 1.90 mpaka 2 inatosha, na mchezo wa watatu au wanne kila upande. Bila waraka huo kamba yangu itafunguliwa tena na mkubwa mwingine atakayepita.

Agizeni mipira itolewe makabatini ndani ya mwezi huu. Mpira uliopasuka kwa kuchezewa usiwe kosa la mwalimu mkuu.

Kipindi cha michezo kilindwe kama kinavyolindwa cha Sayansi, na mwalimu mkuu aulizwe habari zake kwenye ukaguzi.

Mchujo wa kwanza uhamishiwe Februari, kabla ya mvua, na kati ya Julai na Novemba pawe na bonanza dogo la kata kila mwezi, shule kwa shule, watoto watembee kwa miguu waende na kurudi. Hakuna kombe wala mgeni rasmi.

Suruali ndefu na hijabu zitamkwe wazi kuwa ni sare halali. Fimbo ipigwe marufuku uwanjani kwa maandishi. Umri uhakikiwe kwa cheti cha kuzaliwa na rejista ya shule vyote viwili, na timu yenye mamluki iondolewe, hata ikiwa ya kwetu.

Kuhusu ule uwanja wenye vibanda, siombi wafanyabiashara wafukuzwe kesho. Nao wana watoto. Naomba mikataba yao ikiisha isiongezwe, na kamati ya shule ielezwe kodi inakwenda wapi.

Mimi natoa ninachokuwa nacho: Jumamosi zangu zote mpaka mwisho wa mwaka, kufundisha walimu, bila posho. Chai nitajinunulia.

Jumamosi hii, kuanzia saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, nitakuwa uwanjani na watoto 24. Kamba nitaifunga tena, mita 1.90. Yule binti atakuwepo. Sasa anaanzisha mpira kwa mkono wa juu na unavuka mara saba kati ya kumi. Nawaalika mmojawenu aje. Aje na futi kamba, ampime, kisha ampime na wavu wa 2.24, halafu aniambie pale pale mbele yake ni upi tuufunge.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na kocha wa kujitolea
Tanga